Una Ndugu Kampala? Historia ya Kijana Mgeni na Jamaa Aliowapata Mjini



Kamati imeniomba niandike jambo la historia kwa toleo hili la ukumbusho. Wenzangu walionitangulia wameeleza vita tulivyovikimbia na njia tulizopita, na sina haja ya kurudia. Mimi nimechagua habari ya kijana anayeingia Kampala peke yake. Wapo wanaotoka hapa kambini kwa basi, na wapo wanaovuka mpaka na kwenda mjini moja kwa moja, bila baba, bila shangazi, bila hata mtu mmoja wa kijiji chao. Akishuka kituoni na mfuko wake, swali analokutana nalo ni lile lile popote aendapo. Mwenye nyumba humuuliza kabla ya kumwonyesha chumba. Mwenyekiti wa LC humuuliza kabla ya kumwandikia barua. Ofisa humuuliza huku ameshika kalamu. "Una ndugu Kampala?"

Ninaposema kijana sisemi mtoto. Mtoto aliyepotezana na wazazi, katika mpango wa mashirika, ana mahali pake: huandikishwa, hutafutiwa familia ya kumlea, na mfanyakazi wa jamii humtembelea. Siku anayotimiza miaka 18 mpango huo humwacha. Kuanzia hapo yeye ni familia ya mtu mmoja, kadi yake ina jina moja, na anahesabiwa kuwa ana nguvu za kujitegemea. Nguvu anazo kweli. Lakini wazee wa kambi hii wanajua kwamba kijana mwenye nguvu asiye na mtu wa kumwuliza "umekula?" huharibika upesi kuliko mzee mgonjwa mwenye wajukuu. Na tangu mgao wa chakula ulipoanza kukatwa Aprili 2020, kisha wakimbizi wakagawanywa katika makundi matatu Julai 2023 na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye mgao, vijana wa namna hiyo wameongezeka barabarani kuelekea mjini. Kwa hiyo inafaa tujue Kampala imewapokeaje watu kama hao katika miaka iliyopita, maana si wa kwanza.

KILIMA CHA OLD KAMPALA

Mkimbizi yeyote aliyeandikishwa mjini anakijua kituo cha polisi cha Old Kampala. Kwa miaka mingi safari ya karatasi ilianzia pale. Wanaokaa foleni hapo hawaambiwi kwamba kilima hicho ndicho alichopiga kambi Kapteni Lugard mwezi wa Desemba 1890, alipokuja kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Lugard alikwenda magharibi hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawakuta askari walioachwa na Emin Pasha. Emin mwenyewe alikuwa ameondoka na Stanley mwaka 1889. Askari wale walibaki huko na wake zao, watoto wao na watumishi wao, hawana serikali, hawana mshahara, na kwao hakurudiki. Lugard aliwachukua askari mia kadhaa pamoja na maelfu ya watu wao, akawaleta Uganda. Ndio wazee wa Wanubi.

Sasa ukiuliza Wanubi hao walikuwa kabila gani, jibu lake ndilo linalotuhusu. Hawakuwa kabila moja. Walikuwamo Wabari, Wamakaraka, Wadinka, Wakakwa, Walugbara na wengine wengi. Wengi walichukuliwa wakiwa bado vijana wadogo, wengine kwa nguvu, hata hawakuweza tena kuitaja njia ya nyumbani. Kilichowaunganisha ni kambi: Kiarabu chao kilichovunjika na kuwa lugha kamili, Kinubi, dini ya Kiislamu, mavazi ya wanawake wao, chakula, na harusi. Waliasi mwaka 1897, wengi wakafa, lakini jamii haikufa. Bombo, kaskazini ya Kampala, ikawa mji wa askari wa King's African Rifles na makao yao makuu hadi leo.

Kwa miaka mingi baadaye kijana Mkakwa au Mlugbara au Mwalur aliyeteremka kutoka West Nile kutafuta kazi aliweza kuingia humo. Alisilimu, akajifunza Kinubi, akakaa katika nyumba ya mzee fulani na kula kwake, akaoa kwa mkono wa mzee huyo. Watoto wake walizaliwa Wanubi, na hakuna aliyewauliza zaidi. Mlango huu ulikuwa na gharama yake, nayo ilionekana 1979 Idi Amin alipoangushwa: Wanubi walihesabiwa wote kuwa watu wake, na wengi wakakimbilia Sudan na Zaire. Ukipokea ndugu, unapokea na maadui wa ndugu.

MPAKASI

Baganda humwita kibarua "omupakasi". Neno hilo ni Kiswahili chetu, mpagazi, lililopanda toka pwani na misafara. Katika miaka ya 1920 na baada yake, mpakasi wa Buganda alikuwa mara nyingi kijana kutoka Rwanda au Burundi. Aliondoka kwao kwa sababu ya kodi na kazi za lazima za Wabelgiji, na kwa sababu ya njaa; njaa kubwa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929 iliwasukuma wengi mno. Walitembea kwa miguu majuma mengi, wakilala vichakani na mafungu ya nguo vichwani, mpaka kwenye mashamba ya pamba na kahawa. Kufikia hesabu ya watu ya 1948, takriban theluthi ya wakaaji wa Buganda walikuwa wametoka nje ya Buganda.

Mwingereza mmoja, Audrey Richards, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, alikusanya habari zao katika kitabu kilichochapwa 1954. Yaliyomo yanawahusu sana vijana wetu, ingawa hakuyaandika kwa ajili ya wakimbizi.

Mpakasi mgeni hakufikia hotelini wala kambini. Alifikia katika ua wa Mganda mwenye shamba. Alilala jikoni au katika kibanda nyuma ya nyumba, akala ndizi za nyumba ile, akalima pamba yao kwa ujira. Wengi walikaa msimu mmoja wakarudi kwao na fedha na blanketi. Lakini wapo waliobaki. Aliyebaki alijifunza Luganda, akajua namna ya kusalimia wakubwa kwa heshima ya pale, na baada ya miaka akaomba kibanja. Hapo sheria ilimsaidia. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 ilikuwa imeweka kikomo cha kodi ambayo mwenye ardhi angeweza kudai, na mpangaji aliyelipa hakufukuzwa ovyo. Kwa hiyo mgeni akiisha kupata kibanja alikuwa na mahali. Kilichobaki ni kuwa na watu.

Watu wa Buganda ni ukoo, "ekika". Koo zao zinapita hamsini, kila moja na mzio wake: yuko wa mamba yule wa majini, yuko wa tumbili, yuko wa fungo. Jina la mtu hutaja ukoo wake, na asiye na ukoo ni kama asiye na jina. Wanyarwanda nao walikuwa na koo na mizio. Basi wengine walitafuta ukoo wa Kiganda wenye mzio unaofanana na wa kwao, wengine wakachukua ukoo wa mwenye shamba aliyewapokea, wakapewa jina. Tangu siku hiyo kijana aliyekuja mikono mitupu alikuwa na baba wadogo, shangazi na dada.

Naomba wasomaji, hasa ndugu zetu wa mashirika, watazame jambo moja hapa. Ukoo ule haukumpa mgeni heshima tu, ulimpa na makatazo. Dada mpya wa ukoo hakuweza kumwoa, hata kama jana alikuwa msichana wa jirani tu. Msiba wa ukoo ukitokea, alipaswa kwenda na kutoa. Mnyama wa mzio, hamli. Undugu usio na mzigo ni salamu tu, na Baganda walilijua hilo. Alipokufa, ukoo ulimzika, na baadaye ukaja kumaliza matanga kwa desturi yao, mrithi akavishwa nguo ya gome mbele ya watu. Ndiyo hofu kuu ya mtu mpweke ugenini, nayo iliondolewa: nani atanizika?

Kwa upande mwingine, aliyeingia hivyo aliacha jina lake. Wengi hawakuwaambia watoto wao habari za Rwanda. Wako watu wazima Kampala leo wanaosikia kwa mara ya kwanza, kitandani pa babu anayekufa, lugha ambayo hawakujua kwamba babu anaijua.

Wala mlango haukuwa imara kila mahali. Waliokuja baada ya 1959 kwa kukimbia mauaji ya Rwanda hawakuja kama wapakasi, walikuja kama wakimbizi, wakapelekwa Nakivale, Oruchinga na makazi mengine. Wengi walioana na wenyeji na kuchanganyika nao, wala wale waliohamia zamani za pamba hawakujiona tena kuwa wageni. Mwezi wa Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara, viongozi wa wilaya na vijana wa chama kilichotawala waliwafukuza Wanyarwanda majumbani mwao, nyumba zikabomolewa, ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu walikimbilia mpaka wa Rwanda au wakasukumwa kurudi katika makazi ya wakimbizi, wakiwamo watu waliozaliwa Uganda na wazazi wao waliozaliwa Uganda. Jirani aliyeitwa ndugu jana ndiye aliyeonyesha nyumba. Ni lazima hilo liandikwe pia. Na liandikwe kwamba wapo majirani walioficha watu na ng'ombe zao.

Hapa niweke habari moja nje ya mstari, kwa kuwa wafanyakazi wageni huipenda na wakaaji wengi hawaijui. Wazungu nao wamekuwa wakimbizi Uganda. Katika vita vya pili vya dunia, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia waliachiliwa, wakapitia Uajemi, na kuanzia 1942 karibu 7,000 kati yao wakaletwa Nyabyeya huko Masindi na Koja kando ya Ziwa Victoria, mashariki ya Kampala. Wengi walikuwa wanawake na watoto, na mayatima wengi, maana wanaume walikuwa jeshini. Nyumba za Koja zilikusanywa hivyo hivyo: mama aliyefiwa na watoto wake, watoto waliofiwa na mama yao, na msichana mkubwa asiye na mtu katikati yao. Kanisa walilojenga Nyabyeya liko mpaka leo. Makaburi yao pia yapo.

VYAMA VYA MJINI NA WALOKOLE

Kampala ya miaka ya 1950 ilikuwa mji wa wanaume vijana. Reli, viwanda na majumba ya Wahindi vilitaka mikono, na serikali ikajenga nyumba za Nakawa na Naguru kwa ajili ya wafanyakazi. (Nyumba hizo zilibomolewa 2011.) Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya hawakufuata njia ya ukoo wa Kiganda. Wao waliunda vyama. Luo Union ilikuwa na matawi ya kila sehemu ya kwao, kila tawi na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na timu ya mpira. Kijana aliyefika jana alipelekwa kwa watu wa sehemu yake, akalala chini kwa mtu aliyemtangulia, naye akitafutiwa kazi. Mchango mkubwa ulikuwa wa msiba: kumrudisha marehemu Nyanza ili azikwe kwao. Mtu alitoa shilingi zake kila mwezi kwa ajili ya maiti asiyoijua, akijua kwamba siku yake na yeye atarudishwa. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwaondoa wafanyakazi Wakenya, makumi ya maelfu, na vyama vile Kampala vikapungua sana.

Njia ya tatu ilikuwa ya Walokole. Ilianza katika urafiki wa Simeoni Nsibambi wa Kampala na daktari Joe Church wa Gahini, Rwanda, waliokutana Namirembe 1929. Sitaingia katika mambo ya imani yao, wala ugomvi wao na wakubwa wa kanisa, ambao ulifanya wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono wafukuzwe 1941. Nataja tu kwamba Walokole waliitana ndugu na dada na kulichukua neno hilo jinsi lilivyo. Walikutana kila juma, wakaambiana makosa yao wazi, wakakaribishana majumbani toka Kigezi hadi pwani. Kijana aliyetengwa na wazazi wake kwa ajili ya wokovu alioa kwa shauri la ndugu hao, nao ndio waliosimama mahali pa baba yake. Mnyarwanda, Mganda, Mkiga na Mzungu walikula sahani moja, jambo ambalo Uganda ya wakati ule haikulizoea.

NSAMBYA, KATWE NA SISI

Sasa tunafika kwetu. Vita vya 1996 na vya 1998 huko Kongo vilileta Kampala watu wa aina ambayo mji haukuwa umeizoea: Wakongo wa Bukavu, Goma, Uvira na Bunia, wengi wao watu wa mjini, wasiotaka jembe. Kabla ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006 kukaa mjini kulikuwa jambo la mashaka, kwa kuwa sheria ya zamani, ya 1960, ilitaka mkimbizi akae pale alipopangiwa. Sheria ya 2006 ilimpa haki ya kutembea na kufanya kazi. Haikumpa chakula. Aliyechagua Kampala, kwa kawaida, alikubali kujitegemea. Leo waliosajiliwa mjini ni zaidi ya 100,000.

Wasomali walikusanyika Kisenyi, na Wakongo Nsambya, Katwe na mitaa iliyo karibu. Chumba huitwa muzigo: kimoja, pazia katikati, choo cha wote nje. Vijana watatu au wanne hukodi pamoja, na ndipo jamaa ya kwanza huanza, kwa sababu ya kodi tu. Anayepata huleta unga, asiyepata huchota maji na kupika. Ugomvi wa kwanza ni wa sabuni. Wakiumaliza, wamekuwa nyumba.

Jamaa ya pili hutoka katika biashara. Mama wa Kikongo mwenye vitenge humpa kijana vitambaa vitatu asubuhi kwa mali kauli, naye huzunguka navyo maofisini na masokoni mpaka jioni, akileta fedha na visivyouzwa. Wengine hutembeza hereni na bangili juu ya ubao. Hakuna hati wala dhamana katika biashara hiyo. Mama huyo hana njia ya kumshika kijana akitoroka. Kwa hiyo humwuliza wazazi wake walikuwa nani, analala wapi, anasali wapi, na akikosa siku mbili huenda kumtazama. Polepole huacha kumwita kwa jina na kumwita mwanangu, naye kijana akawaambia wengine "ninakwenda kwa Maman". Undugu ni kufaana, walisema wahenga, na hapa kufaana kulianza na vitenge vitatu.

Lakini nisifiche. Si kila anayeitwa mama ni mama. Wasichana wetu wamepokelewa katika nyumba Kampala kwa maneno mazuri, wakawa watumishi wasiolipwa, wa kwanza kuamka na wa mwisho kula, na wengine wakaharibiwa na wanaume wa nyumba hizo huku wakiogopa kusema kwa sababu hawana pengine pa kulala. Mpakasi wa zamani alipata ujira na akaweza kuondoka akachagua ua mwingine. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: je, anaweza kuondoka? Dada anayesoma haya na kujiona humo, aende kwa ofisi inayohusika na ulinzi au kwa mwakilishi wa wanawake katika Kamati. Wafanyakazi nao wasiishie kuandika "anaishi na jamaa" katika faili na kufunga.

Jamaa ya tatu ni ya kujiunga. Mwaka 1997 kilianzishwa Kampala kituo cha Bondeko, na wanaojua Kilingala wanajua maana yake: undugu. Mwaka 2007 vijana Wakongo walianzisha YARID, shirika la vijana wakimbizi wa Afrika kwa maendeleo kamili, ambalo Robert Hakiza wa Bukavu ni mmoja wa waanzilishi wake. Hawakuanza na ofisi wala mradi. Walianza kwa kukaa pamoja na kuuliza shida zao, na kwa mpira wa miguu, wakaleta pamoja vijana wa mataifa mbalimbali ambao mtaani hawakuzungumza. Halafu wakaona kwamba lugha ndiyo iliyowafunga midomo, wengi wakiwa wamesoma kwa Kifaransa, wakafungua masomo ya Kiingereza, na baadaye ushonaji na kompyuta.

Wapo waliocheka kusikia wakimbizi wenye njaa wanacheza mpira. Mimi nasema walijua wanachofanya. Timu ina watu kumi na mmoja, na mmoja asipokuja mazoezini kumi wanajua, na mchezo haufai. Kijana ambaye juma zima hakuna aliyejua kama yu hai sasa ana mahali ambapo kutokuwapo kwake ni hasara. Kwaya ya kanisa ni hivyo hivyo, sauti ya nne ikikosa hata msikilizaji hujua. Darasa la Kiingereza lina daftari la majina. Wafadhili hupenda kuhesabu waliohudhuria, hesabu yenye faida ni ile ya mwalimu anayeuliza, "Yule wa dirishani yuko wapi leo?"

Lugha nayo ina neno lake hapa. Kiswahili Kampala hakikupendwa. Tangu zamani za majeshi, na hasa baada ya Amin, Waganda wengi walikiona ni lugha ya askari na ya wezi wa bunduki, na Mkongo akifungua kinywa sokoni alipandishiwa bei. Hivyo kijana akisikia "habari ya asubuhi" nyuma ya ukuta wa muzigo, moyo wake ulishtuka kama ameitwa nyumbani. Wengi walijuana hivyo. Mambo yamebadilika kidogo: katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wa mwenye nyumba sasa huja kwa mpangaji Mkongo kuuliza ngeli. (Wakati mwingine hupewa Kiswahili cha Bukavu, na mwalimu hukasirika.)

Jamaa hizo zilipimwa mwaka 2020. Mwezi wa Machi mji ulifungwa kwa ajili ya korona, usafiri ukasimama, na kutembeza bidhaa kukakatazwa. Chakula kilichogawiwa mjini hakikuwafikia wakimbizi wengi. Wakati ule mwenye kadi ya mtu mmoja alikula kwa sababu ya mlango wa jirani, au hakula. Vyama vya wakimbizi wenyewe vilizunguka na unga na sabuni, kwa kuwa vilikuwa na majina ya watu na vilijua muzigo upi una nani.

Kuna mambo mawili ambapo jamaa za namna hii hugonga ukuta, nami nayaweka mbele ya wafanyakazi.

La kwanza ni ndoa. Kijana wetu akitaka kuoa Mganda, lazima afanye kwanjula, afike kwa wazazi wa binti akiwa na watu wake, wakae kwenye mkeka upande wao, na msemaji wao ajibu wao ni nani. Hapo mzee wa kanisa huwa baba, mama wa vitenge huwa shangazi, na wenzake wa timu huwa kaka na hubeba vikapu. Wenyeji hujua, na mara nyingi hukubali, kwa kuwa desturi yao wenyewe ya ukoo imewafundisha kwamba baba anaweza kupatikana njiani.

La pili ni kuhamishiwa nchi ya tatu. Kanuni za HCR zinatambua kwamba anayetegemewa anaweza kuwa wa familia hata bila damu, lakini nchi zinazopokea mara nyingi huhesabu mume, mke na watoto wao. Kabla Marekani haijasimamisha mpango wake Januari 2025, tuliona mara nyingi: mama anaondoka na watoto wa tumbo lake, na kijana aliyekula naye miaka minane anabaki kituoni na godoro. Anarudi kuwa mtu mmoja, sasa ana miaka thelathini, na hakuna karatasi inayosema amefiwa na chochote. Kama fomu ya kuandikisha ingekuwa na mstari mmoja wa kuuliza "Unakula na nani?", ofisi ingejua mapema.

Hayo yote hujulikana wazi zaidi siku ya kifo. Mkimbizi asiye na damu yake Kampala akifa hospitalini, maiti haitolewi ovyo. Anatakiwa mtu wa kuja na kutia sahihi kuwa ndugu. Habari hupita usiku kwa simu, kutoka kwa wa chumbani kwenda kwa kapteni wa timu, kwa Maman, kwa mchungaji. Turubai hufungwa mbele ya muzigo, na mwenye nyumba huazima viti. Daftari la mchango huanza kuzunguka, shilingi elfu mbili, elfu tano, mwingine kilo ya mchele, na majina ni ya Kishi, ya Kinande, ya Kinyarwanda, ya Kisomali, na siku hizi ya Kiganda pia. Asubuhi wawili hutumwa Mulago na barua ya LC. Karani huwauliza uhusiano wao na marehemu, nao husema kaka, naye huandika kaka.